Ukirudi, Nani Anakupokea?

Nianze na lile ambalo wateja wote waliniuliza, ili tulimalize mapema. Sijawahi kuona theluji. Miaka yangu yote pale ofisini Mikumi nimewapeleka watu Munich, Vienna, Praha na Budapest katikati ya majira ya baridi. Nimewachagulia hoteli, nimewaambia mlango upi wa stesheni una ngazi na upi una lifti. Mimi mwenyewe mahali pa baridi kuliko pote nilipowahi kulala ni Vidunda milimani, mwezi wa saba, chini ya mablanketi mawili. Mteja akiniuliza, "Wewe umeshafika huko?" nilimjibu, "Bado." Nilianza kulijibu hivyo nikiwa binti, na wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nikalijibu tena kwa mteja aliyeniita bibi.

Neema, wewe unayekalia kiti changu sasa, uliniomba niwaandikie wewe na wenzako mambo ya kazi. Ulisema, "Mama, hata kurasa chache tu, sisi tutajifunza." Haya, chukueni. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana vyeo pale vilikuwa viwili tu: aliyekaa karibu na feni na aliyekaa mbali nayo.

Mimi ni mtoto wa Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere. Babu yangu aliletwa huku na mkonge, baba akaajiriwa reli, na mimi nikaolewa na mtu wa reli, kwa hiyo kuona watu wakiondoka ni jambo nililolinyonya na maziwa ya mama. Kazi niliipata Mikumi. Nilikwenda Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Njiani, kabla hujafika Mikumi, kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Mzaha wowote mnaoufikiria umeshafanywa, mwingi wake na mume wangu, basi tuendelee.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu iendayo Iringa, kati ya duka la vipuri na mama muuza chipsi. Mwenyewe alikuwa Mama Tekla, mwanamke mfupi wa Vidunda mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na aliitumia sauti hiyo hiyo kwenye simu. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha faili wala hakunipa kalamu. Alinipa kipande cha uzi wa mkonge, akanisimamisha mbele ya ramani ya ukutani.

"Pima kutoka Vienna mpaka Budapest."

Nikaweka kidole. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Kidole kila mtu ana chake. Uzi ni mmoja. Weka uzi."

Uzi ule ulikuwa na mafundo, na kila fundo alilipa maana yake: hapa ni safari ya treni ya asubuhi moja, hapa abiria mzima anaanza kununa, hapa hata mke na mume hawasemeshani. Alisema mpango mzuri wa safari haupiti fundo la pili kwa siku. Mpaka leo simu zenu zinawapa kilomita na dakika, lakini haziwaambii abiria ataanza kununa wapi.

Ofisi ilianza kwa kupokea wageni waliokuja kutazama tembo. Kisha wafanyabiashara wa huku wakaanza kuja wakisema, hawa wanakuja kututazamia mbuga yetu, na sisi tunataka tukatazame kwao. Karibu wote walitaka majira ya baridi. Nauli hushuka baada ya sikukuu, ni kweli, lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo. Mtu aliyetoka jasho Kilosa maisha yake yote hana hamu ya kwenda kuona jua la mwenzake. Anataka kitu asichokuwa nacho.

Mavazi tuliyapata kwenye mitumba. Hili ni fundisho la kwanza, lishikeni: makoti mazito ya sufu yakija kwenye marobota hapa kwetu hakuna anayeyagusa, muuzaji anakubembeleza uyachukue. Tukawavalisha wateja makoti hayo, tukawapandisha Vidunda asubuhi yenye ukungu, wakatembea nayo hadi wazoee uzito. Halafu koti likarudi kwao lilikotoka, safari hii likiwa na Mtanzania ndani. Mama Tekla alisema ndiyo biashara pekee ya haki aliyoijua kati yetu na wao.

Sasa kazi yenyewe. Mama Tekla aliamini kwamba kila safari husafiriwa mara mbili, kwanza kwa mdomo, halafu kwa miguu. Hakuna mteja aliyekabidhiwa tiketi kabla ya kumaliza safari ya mdomo. Mteja alikaa kwenye kile kiti cha mninga, sisi tukakaa mbele yake, na tukaanzia mlangoni kwake.

"Umeamka. Ufunguo wa nyumba umemwachia nani? Uko uwanja wa ndege, pasi iko mfuko gani? Usinionyeshe, niambie. Umeshuka Munich, saa moja asubuhi, bado giza. Glavu ziko wapi? Zimo ndani ya sanduku? Basi vidole vimeshakufa ganzi. Rudi nyumbani, tuanze upya."

Mteja akikwama, tulimrudisha alikoteleza. Wengine walikasirika. Mkurugenzi mmoja aliondoka akisema hajaja kufanyiwa mtihani, akarudi baada ya siku mbili na glavu mkononi. Kwa njia hii tulijua nani atapotea, nani atagombana na mkewe Praha, na nani amepanga kwenda kuona ndugu badala ya majumba lakini anaona haya kusema.

Swali la mwisho lilikuwa moja kwa wote. Umezunguka miji yako, ndege imetua Dar, umefika stendi, umeshuka. Ukirudi, nani anakupokea? Na mteja alitakiwa kutaja jina. "Watu wa nyumbani" halikuwa jibu, na "Mwenyezi Mungu" Mama Tekla alilikataa kwa heshima zote.

Mwanzoni nililiona ni swali la umbeya. Akanisimulia habari za mzee mmoja, mteja wake wa zamani, aliyerudi na picha na chokoleti, akashuka stendi, akakaa juu ya sanduku lake akitazama huku na huku. Hakuwa na mtu wa kumwambia alichokiona.

"Yule hakusafiri, Zuhura," alisema. "Alipotea tu, halafu akapatikana. Safari ni ya yule anayeisimulia."

Tangu hapo mteja asiye na mtu tuliandika jina langu. Nimewapokea wajane, mapadri, na kijana mmoja aliyegombana na ukoo mzima. Nilikuwa nakwenda stendi na chupa ya chai ya tangawizi, maana mtu akitoka kwenye baridi ile anataka kitu cha moto hata kama Mikumi kunaungua. Nawaambia ukweli, katika kazi yote hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda. Watu walishuka wakiwa na macho ya kitoto. Nami nilisimama pale nikinywa habari zao, na kila mara nilirudi ofisini na njaa zaidi.

Msidhani hatukukosea. Kundi letu la kwanza kubwa lilikuwa la wafanyabiashara wa Kilosa na wake zao: Hamburg, Kopenhagen, Stockholm, mwezi wa Desemba. Tukawapangia kutembea tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku, tena tukajisifu kwa kutopoteza muda. Sisi wa huku tumezaliwa tukaikuta siku imegawanywa nusu kwa nusu, Desemba sawa na Juni, na haikutupitia kabisa akilini kwamba kuna mahali Mungu aligawa vingine. Kumbe Stockholm mwezi huo jua linatoka karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshaaga. Nilikwenda kumpokea mzee Salumu, muuza mchele, kiongozi wa kundi.

"Shikamoo mzee. Ulaya mmeionaje?"

"Marahaba, binti. Ulaya nzuri sana. Tumeiona yote kwa taa."

"Na jumba la mfalme?"

"Kwa taa."

"Na ile bandari ya zamani?"

"Kwa taa. Mke wangu nimempiga picha nyingi tu. Yeye haonekani, linaonekana koti."

Nilipomsimulia, Mama Tekla alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akaenda ukutani. "Kuanzia leo tunapanga jua kwanza," alisema, "watu baadaye." Ndiyo maana mpaka sasa kila mpango wa ofisi yetu unaanza na saa ya mawio na saa ya machweo ya kila mji. Vya nje viwekeni mchana, makumbusho na makanisa yapeni giza. Na masoko yao ya Krismasi, yale yenye taa na mvinyo wa moto, mengi hufungwa kabla ya Krismasi yenyewe, na siku mbili za sikukuu hata mkate wa kununua ni shida. Mwambieni mteja, asije akadhani ni kama kwetu, ambako sikukuu ndiyo siku ya muuzaji.

Mteja mgumu kuliko wote alikuwa mzee Saitoti, mfugaji wa Msowero. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti, akasema hana haja na majumba. Alisikia kwamba nyasi za kule hufunikwa na barafu miezi mizima, na alitaka kuona kwa macho yake ng'ombe wanalala wapi na wanakula nini. Nikamwambia tunapanga miji. Akasema, "Basi panga miji, halafu katikati yake weka zizi." Nilihangaika mpaka nikampata mkulima karibu na Salzburg aliyekubali kutembelewa zizini. Katika safari ya mdomo mzee hakukwama hata mara moja. Mtu aliyezoea kuhamisha mifugo hahitaji kufundishwa kupanga njia. Tukafika swali la mwisho.

"Ukirudi, nani anakupokea?"

"Ng'ombe."

"Mzee, tunataka jina," alisema Mama Tekla.

Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na rangi zao. Mama Tekla akasalimu amri. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona akishindwa.

Aliporudi alipita ofisini makusudi. Alisema ng'ombe wa kule wanafungiwa ndani kama wagonjwa, lakini wana afya. Alimgusa mmoja shingoni, akakuta joto ni lile lile la wake. Kisha akanitazama.

"Na wewe umefika?"

"Bado, mzee."

"Unaogopa?"

"Hapana. Nafasi tu."

"Nenda, binti yangu. Utakuja kuzeeka na hadithi za watu."

Nilicheka mbele yake. Ijumaa hiyo nilimsimulia mume wangu, na sikuwa nacheka.

Sasa mmjue huyo mume. Idrisa alifanya kazi stesheni ya zamani ya Kilosa. Mnaujua mto wetu ukikasirika unavyolifanya tuta la reli, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha kutompa abiria treni ya mwisho ya siku. "Mpe ya mwisho kasoro moja," alisema, "ili mto ukila moja, abaki na moja." Huku ni mto, kule ni theluji, kanuni haibadiliki. Alinifundisha pia kutoamini muda mfupi wa kubadili treni. Simu yako, Neema, inasema dakika saba zinatosha. Simu haina magoti.

Kila Ijumaa alikuja na baiskeli kunipokea stendi ya Kilosa. Mkoba wangu ulipanda nyuma, sisi tukatembea pembeni mpaka Mabwerebwere, nami nikimmwagia habari za wiki nzima. Mungu hakutupa watoto. Tulikuwa sisi wawili, na jioni ya Ijumaa ilitutosha.

Siku moja masika, mgeni wa Kizungu alikwama pale stesheni. Mvua ilipiga bati hata watu hawakusikilizana. Yule mgeni akamwambia Idrisa, kwa kupaza sauti, kwamba kwao theluji ikianguka haina sauti. Inaanguka usiku kucha, asubuhi unaikuta imejaa uani. Idrisa alikataa kabisa.

"Kitu kinatoka mbinguni kwa wingi hivyo, kisipige kelele? Zuhura, huo ni uongo wa wasafiri."

"Wateja wangu nao wanasema hivyo hivyo."

"Na wao wasafiri."

Lakini neno lile lilimkaa. Tukiwa kitandani, mvua ikitwanga juu ya bati, alikuwa ananiambia sikioni, "Hebu fikiria hii yote, bila sauti." Akaanza kutaka kwenda. Hakutaka majumba wala muziki. Alitaka asimame mahali theluji inaanguka, asikilize, kisha arudi aseme kama ni kweli.

Nikatupangia yetu: Munich, Salzburg, Vienna, Budapest, Januari. Ndiyo safari bora niliyowahi kuipanga. Haikuwa na fundo la pili hata siku moja, jua lilipangwa kwanza, na Salzburg niliiachia siku mbili tupu za kusubiri tu theluji. Tatizo lilikuwa Januari yenyewe. Mimi nilikuwa na wateja njiani na wengine wa kuwapokea, yeye hakupewa likizo kwa sababu ya mto. Tukasema, tukistaafu. Miaka ikapita tukiifanya kwa mdomo barazani. Kila tulipofika Salzburg Idrisa aligoma kuondoka, nikawa namvuta hadi kwenye treni ya Vienna kama mtoto anayekataa shule.

Na mara ya kwanza tulipofika swali la mwisho, tulitazamana.

"Tukienda wote," nilisema, "nani atatupokea?"

Naye akasema, "Atakayetangulia kushuka atampokea mwenzake."

Tukacheka, na tangu siku hiyo ndilo likawa jibu letu.

Idrisa aliugua masika, kipupwe hakikumkuta. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kazini. Ijumaa iliyofuata baada ya arobaini nilishuka stendi ya Kilosa, na kabla sijakumbuka, macho yangu yalishatafuta baiskeli. Nimeshuka stendi ile mara nyingi sana baada ya hapo, na macho hayajajifunza. Namkosa. Nimezunguka nitafute namna nyingine ya kulisema, sijaipata.

Nilipostaafu niliamua kwenda peke yangu, ili mmoja wetu awe amesikia. Neema, nilikuja ofisini nikakaa kwenye kile kiti cha mninga upande nisiouzoea, na wewe ukanisafirisha. Ulifanya vizuri. Ulinikamata kwenye glavu, mimi niliyekufundisha glavu. Tulipita Munich, tukalala Salzburg, tukafika Budapest, ukanirudisha Dar, ukanishusha Kilosa. Kisha ukafunga faili haraka haraka, ukasema, "Umefika nyumbani Mama, karibu sana." Swali la mwisho uliliruka. Nililiona hilo, na nikakushukuru kimoyomoyo, maana nilijua ni huruma.

Ubalozi waliniita kwa mahojiano. Nyuma ya kioo alikaa dada mmoja mpole, wala sina ubaya naye. Aliuliza hoteli, nikajibu. Aliuliza treni, nikampa treni na ile ya akiba. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Na nyumbani nani anakusubiri?"

Nimewafundisha watu swali hilo maisha yangu yote. Nilifungua mdomo, nikaona baiskeli. Nikasema, "Hakuna."

Wakaninyima viza. Waliandika kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi. Neema, ulilia kuliko mimi, ukajilaumu, na mimi nimekwambia na narudia hapa mbele ya wenzako, sikulaumu. Lakini jifunzeni. Mteja usimwonee huruma kwenye safari ya mdomo. Ukimrukisha hapa kwenye kiti, atakwama mbele ya kioo, na kule hakuna wa kumwambia arudi nyumbani aanze upya.

Ulitaka tuombe tena. Nikakwambia sina nguvu, na kweli sikuwa nazo. Miezi ile nilikaa Kilosa nikipalilia mchicha na kugombana na kuku wa jirani.

Kisha akaja mwalimu Daudi, mstaafu mwenzangu wa hapo hapo Kilosa, na mkewe, Mama Grace. Walitaka kwenda kutazama miji ya Ulaya wakati wa baridi, wakasikia mimi ndiye mtaalamu. Nilikuwa na mpango mmoja tu kichwani. Nikawapa. Munich, Salzburg, Vienna, Budapest, na zile siku mbili tupu. Mwalimu akauliza kwa nini Salzburg hakuna kitu kimeandikwa.

"Hapo mnasubiri theluji," nilimwambia. "Ikianza kuanguka, naomba mnifanyie jambo moja. Mnipigie simu, mkiwa nje."

"Tukwambie nini?"

"Msiseme kitu. Nyamazeni tu."

Mwalimu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi, lakini Mama Grace alinishika mkono. Yeye alimjua Idrisa. Na nilipowauliza swali la mwisho alijibu kabla ya mumewe: "Wewe, Bi Zuhura. Utupokee wewe."

Simu iliingia asubuhi moja ya Januari. Kilosa ilikuwa mvua, ile ya kwetu isiyouliza, na bati langu lilikuwa linaimba. Nikaona jina la Mwalimu, nikaweka simu sikioni. Nilisikia bati tu. Nikahamia chumbani, bati. Barazani, bati. Nikapiga kelele, "Msikate!" Nikavuta kanga kichwani, nikaificha simu humo, nikatoka uani, nikapita banda la kuku, nikaenda kusimama kule mwisho kwenye mchicha, mbali na kila kitu chenye paa. Mvua ilinilowesha mpaka mgongoni. Niliziba sikio moja, na lile jingine nikalibana kwenye simu.

Hakukuwa na kitu. Simu haikuwa imekatika, maana mara moja nilisikia Mama Grace akivuta pumzi. Nyuma yake hakukuwa na gari, wala ndege, wala tone. Kulikuwa na ukimya mpana ambao sijawahi kuusikia popote, na ndani yake kitu kilikuwa kinaanguka kwa wingi.

Nikasema, kwa sauti, na jirani shahidi wangu, "Idrisa, ni kweli. Haikuwa uongo." Halafu nililia, na mvua ikanisitiri.

Waliporudi niliwapokea stesheni mpya, ile ya treni ya umeme, na chupa yangu ya tangawizi. Walishuka na yale macho. Mwalimu, mtu wa hesabu, alisimulia njia nzima kwa mikono, na mimi nikanywa habari zake kama kawaida yangu. Tulipofika langoni kwao Mama Grace akanisimamisha.

"Sasa zamu yako. Nenda kaone mwenyewe. Ukirudi, mimi na Mwalimu tutakuwa tumesimama pale pale stesheni, na chupa hii hii. Waambie hao wa kioo, waandike majina yetu."

Nilimpokonya sanduku nikatangulia nalo.

Basi, Neema, Jumatatu nakuja ofisini. Tunaomba tena. Kiti cha mninga kifute vumbi, na ule uzi wa mkonge uutoe kabatini, nataka kuushika. Nianzishe mlangoni kwangu, nikamate kwenye glavu, Salzburg usinivute haraka. Na ukinishusha Kilosa, usifunge faili. Niulize. Majina ya mwalimu Daudi na Mama Grace yatatoka bila kukwama, nayo ni majina ya kweli, ubalozi watayaandika. Jina la tatu sitawapa. Nitashuka, macho yatatafuta baiskeli kama ilivyo kawaida yao, na safari hii sitayakemea. Yeye ndiye aliyetangulia kushuka, na tulishakubaliana.